Kwa Nini Paa Alinyamaza? Somo la Kuusoma Mwisho wa Hadithi Ambao Msimulizi Hakuusema



Mwanafunzi mpenzi, na wewe mzazi utakayelisoma jarida hili baada ya mwanao kulileta nyumbani likiwa limekunjwa ndani ya juzuu, somo langu la mwaka huu halitoki katika fiqhi wala katika tajwidi. Linatoka katika kisa kifupi cha mwalimu aliyeangukiwa na buyu kichwani. Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wenu mnasoma shule asubuhi na madrasa alasiri, na kule shuleni katika fasihi mnaulizwa hadithi ilimalizika vipi na msimulizi alikusudia nini pale alipokomea. Nimeziona karatasi zenu. Mwisho ukiwa umesemwa wazi mnapata maksi zote. Mwisho ukiwa umeachiwa msomaji, mnaandika kile mnachokitamani nyinyi wenyewe, na mwalimu wa shule anapitisha kalamu nyekundu. Sababu ya pili nitaifikia huko mbele, maana inanihusu mimi.

Kisa chenyewe ni cha Mwalimu Goso. Ni kisa cha watu wa pwani. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja na kukusanya hadithi kutoka vinywani mwa wenyeji, alikitia katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichochapwa London mwaka 1870. Mwaka 1901 George Bateman akakitoa kwa Kiingereza katika kitabu chake cha hadithi za Zanzibar, kilichochapwa Chicago. Mimi nilikisikia kwa mdomo kabla sijajua kwamba kimo vitabuni, na nitakusimulia kwa maneno yangu.

Goso alikuwa mwalimu wa watoto. Hakuwa na jengo, alisomesha chini ya mbuyu. Jioni moja alikuwa amekaa peke yake chini ya mti ule akiyapitia masomo ya kesho. Paa akapanda mbuyuni kimyakimya ili aibe mabuyu. (Usiniulize paa anapandaje mti. Hadithi ni hadithi.) Katika kuhangaika kwake huko juu buyu moja likachomoka, likamwangukia Goso kichwani, akafa. Asubuhi wanafunzi wakaja, wakamkuta mwalimu wao ni maiti. Wakamzika. Kisha wakakaa shauri, wakakubaliana wamtafute aliyemuua mwalimu wao, nao wamuue.

Wakaona mkosa ni kusi. Sisi watu wa ziwani hatuna habari sana na jina hili. Kusi ni ule upepo wa pwani unaovuma kutoka kusini katikati ya mwaka, ambao zamani majahazi yaliutegemea kurudi Uarabuni na Bara Hindi. Basi wakamkamata kusi, wakampiga. Alipouliza kosa lake wakamwambia kwamba ni yeye aliyeliangusha buyu. Akajitetea kuwa lau angekuwa na nguvu hizo asingezuiwa na kiambaza cha udongo. Wakakiendea kiambaza, wakakipiga, nacho kikamtaja panya anayekitoboa. Panya akamtaja paka. Paka akaitaja kamba inayomfunga, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, moto ukayataja maji, maji yakamtaja ng'ombe anayeyanywa, ng'ombe akamtaja inzi anayemsumbua, na inzi akamtaja paa. Hapo wameshapigwa kumi, na kila mmoja alikuwa na la kujibu. Wakamkamata paa, wakampiga, wakamwambia yale yale waliyowaambia wenzake. Paa hakusema neno. Wakasema basi ni huyu. Wakamuua, na kisa kikaishia hapo.

Nilikisimulia kwa darasa la wakubwa Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri. Tulikaa nje kwenye baraza kwa sababu mabati yalikuwa yamepata jua tangu asubuhi na ndani hapakaliki. Nikaandika ubaoni swali moja tu: je, haki ilitendeka? Karibu wote wakajibu ndiyo. Mmoja akasema kimya ni jibu. Mwingine akasema, "Ustadh, mwizi akishikwa huwa hana maneno." Wakacheka, na mimi nikaona somo limekwisha mapema kuliko nilivyopanga, nikanyanyua kitambaa nifute ubao.

Binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono mpaka aitwe, akasema: "Ustadh, sisi tunajua ni paa kwa sababu wewe umetuambia mwanzoni. Wao nani aliwaambia?"

Nakiri kwamba nilikisimulia kisa hiki mara nyingi katika maisha yangu na swali hilo halikuwahi kunijia. Hebu tulifuate, kwa sababu limebeba somo zima.

Msikilizaji wa kisa cha Goso anajua mambo ambayo wanafunzi wa Goso hawayajui. Msimulizi ametupandisha mtini, tumemwona paa, tumeliona buyu likichomoka. Wale wanafunzi walikuja asubuhi wakakuta maiti na buyu. Hawakuwa na shahidi hata mmoja. Kwa hiyo paa anaponyamaza, sisi tunasikia kukiri, kwa kuwa tulishamwona. Wao walisikia kukiri kwa kuwa walishachoka kutafuta. Uhakika ule tunaoupata mwishoni ni wetu sisi, tumeutoa mwanzoni mwa hadithi, tukawaazima wao bila kujijua. Hili ndilo jambo la kwanza la kuuliza ukifika mahali ambapo msimulizi amenyamaza: ninachokijua hapa nimekipata wapi, na huyu mhusika naye amekipata wapi? Ukichanganya elimu yako na elimu ya mhusika, utauona mwisho ambao haumo ndani ya hadithi.

Sasa zitazame hoja zao. Walianza na swali sahihi: nani aliangusha buyu? Kusi akajibu kwamba yeye huzuiwa na ukuta. Je, hilo ni jibu? Upepo unaozuiwa na ukuta bado unaweza kuangusha buyu. Sisi hapa Buhongwa tumeona upepo wa kabla ya mvua ukipita juu ya mawe ya kilimani, ukang'oa mabati ya nyumba moja na kuiacha ya jirani, na hakuna aliyesema upepo ule hauna nguvu kwa kuwa kuta zilibaki zimesimama. Kwa hakika, kwa mtu asiyemwona paa, kusi ndiye aliyestahili kushukiwa kuliko wote. Lakini wanafunzi waliukubali utetezi wake, na kuanzia hapo swali likabadilika mikononi mwao. Hawakuwa tena wanauliza nani aliangusha buyu. Walikuwa wanauliza nani ana nguvu kumzidi nani, na hilo ni swali jingine kabisa. Hakuna aliyemuuliza panya alikuwa wapi jioni ile. Hakuna aliyetazama shina la mbuyu kuona kama lina alama za kwato.

Hata hivyo walimfikia paa, na kweli paa ndiye. Hapa kijana mmoja wa kidato cha tatu akauliza, kwa haki kabisa, kama jibu ni sahihi kuna ubaya gani? Nikamrudisha kwenye hesabu. Ukiandika jibu sahihi na njia ya kulifikia ni ya uongo, mwalimu wa hesabu anakupa maksi ngapi? Wanazuoni wetu nao wanalo hili. Imepokewa kwa Abuu Daud na Tirmidhi, ingawa wapo waliozungumza juu ya isnadi yake, kwamba mwenye kuisema Qur'ani kwa rai yake tu na akapatia, bado amekosea. Amekosea kwa sababu ameiacha njia, na kesho njia ile ile itamtupa shimoni. Wanafunzi wa Goso walipatia mara moja. Kabla ya hapo, kwa njia hiyo hiyo, walikwisha kuwapiga kumi ambao hawakufanya lolote, na msimulizi hasemi kama kuna hata mmoja aliyeombwa radhi.

Kwa hiyo usijibu tu kwamba haki ilitendeka kwa sababu muuaji alipatikana. Wala usijibu kwamba paa alionewa, kwa sababu kisa kinasema wazi kuwa ni yeye. Hukumu ilipatia na mahakama ilikuwa mbovu, na yote mawili yamo humo humo ndani ya kisa. Kisa kinatuachia yote mawili na kunyamaza.

Yapo majibu mazuri ambayo hata hivyo hayatoki katika hadithi. Kijana mmoja alisema kwamba kisa hiki kinafundisha kuwa kila kiumbe kina kinachokishinda, na asiyeshindwa ni Mwenyezi Mungu peke yake. Akakumbusha habari ya Nabii Ibrahim (a.s.) na nyota, mwezi na jua katika Surat Al-An'aam. Nilimpongeza, maana ameunganisha vizuri na mlolongo ule wa kushindana unaelekea huko. Lakini nikamuuliza: kama hilo ndilo kusudi la kisa, paa angetakiwa kufanya nini? Akafikiri, akasema paa naye angejitetea, pengine angemtaja simba, na simba angemtaja mwingine, mpaka mlolongo umfikie asiyeshindwa. Naam. Msimulizi aliukata mlolongo kwa makusudi, akauweka ukimya badala ya jina. Tafsiri yoyote ya mwisho huu isiyoueleza ukimya ule imeacha jiwe la msingi nje ya nyumba.

Sasa hebu tuone mapengo ya masimulizi yalivyo, maana si yote ni sawa. Nitatoa mfano katika Surat Yaasin, sura ambayo wengi wenu mmeihifadhi. Wala sisemi kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu ni sawa na visa vya kutunga vya watu, astaghfirullah. Nasema kwamba aliyezoea kuisoma Qur'ani kwa mazingatio amekwisha kufundishwa namna ya kusoma kilichonyamaziwa. Kuanzia aya ya 13 tunapewa habari za mji uliopelekewa wajumbe. Watu wa mji wakawakadhibisha na kuwatishia. Kisha, aya ya 20, akaja mtu kutoka upande wa mwisho wa mji akiwa anakimbia, akawahimiza watu wake wawafuate wajumbe wale. Akasema yake, akatangaza imani yake. Na mara moja, katika aya ya 26, akaambiwa aingie Peponi.

Kuna kitu gani kati ya aya ya 25 na ya 26? Kuna kifo chake, na hakikutajwa. Hata hivyo hakuna msomaji makini anayebaki na shaka. Mtu huambiwa aingie Peponi akiwa ameiaga dunia. Tena yeye anatamani watu wake wangelijua alivyosamehewa na kukirimiwa, nao ni watu waliokuwa mbele yake dakika iliyopita, sasa hawezi tena kuwafikishia habari. Na aya ya 28 inazungumza juu ya watu wake baada yake, neno ambalo lisingekuja hivyo kama angekuwa bado yuko nao. Pengo limefungwa na maandishi yenyewe kwa alama tatu. Lakini aliuawa kwa namna gani? Kwa mawe, au kwa kukanyagwa? Wafasiri wamepokea kauli mbalimbali, na aya yenyewe haikusema. Basi pengo la kwanza tunalijaza kwa yakini kwa sababu alama zipo, na la pili tunaliacha wazi au tunanukuu kauli za wanazuoni kama kauli. Msomaji anayejua kutofautisha mapengo haya mawili amepata nusu ya elimu ya fasihi, na sehemu kubwa ya adabu ya tafsiri.

Tumrudie paa. Kwamba yeye ndiye aliyeliangusha buyu, pengo hilo limefungwa, msimulizi amelisema mwanzoni. Kwa nini alinyamaza, pengo hilo li wazi. Bateman katika kitabu chake hakutaka kuliacha. Anaeleza kwamba paa alipigwa na bumbuwazi kwa kugunduliwa, na kwa hofu ya yale yatakayompata. Huenda. Lakini mwenyewe nilivyokisikia kisa hiki, paa alinyamaza tu na maelezo hayakuwapo, nami naona kilikuwa na nguvu zaidi hivyo. Maelezo ya Bateman yanampumzisha msikilizaji. Paa wa bila maelezo anakaa nawe njia nzima hadi nyumbani.

Katika dini yetu ukimya nao una hukumu zake, wala si kitu kimoja. Ukimya wa Mtume (s.a.w.) juu ya jambo lililofanywa mbele yake ni sunna, tunaiita taqriri. Katika hadithi sahihi, ukimya wa msichana bikira anapoulizwa juu ya ndoa umehesabiwa kuwa idhini yake. Lakini kanuni kubwa iliyopokewa kwa Imamu Shafii ni kwamba aliyenyamaza hatiliwi kauli kinywani, na wanazuoni wakaongeza kwamba ukimya mahali palipohitaji kusema unaweza kuwa maelezo. Na je, mshitakiwa akinyamaza mbele ya kadhi? Mnaoisoma Arbaini ya Nawawi mnaijua hadithi ya 33: mdai alete ushahidi, na anayekanusha ale kiapo. Katika madhehebu yetu mshitakiwa akishikilia kunyamaza, hachukuliwi kuwa amekiri. Anachukuliwa kama aliyekanusha kisha akakataa kuapa, na hapo kiapo kinarudi kwa mdai. Maana yake wanafunzi wa Goso wangetakiwa kuapa wao wenyewe kwamba ni paa aliyeangusha buyu. Nani kati yao angethubutu kuapa, na hakuna aliyekuwapo?

(Binti yule wa nyuma, alipoona tumeingia kwenye fiqhi, akauliza tena: si imepokewa katika hadithi kwamba jeraha alilolisababisha mnyama halina dia? Kweli imepokewa, tena kwa Bukhari na Muslim. Na hata tukimfanya paa ni mtu, kama kisa kinavyomfanya, kuua kwa kukosea kuna hukumu yake katika Surat An-Nisaa aya ya 92, nayo ni dia na kafara, si kisasi. Wizi wa mabuyu ni kesi nyingine. Nikamwambia akimaliza kidato cha nne asome sheria.)

Na upo ukimya wa asiye na kosa. Nabii Yusuf (a.s.), ndugu zake walipomsingizia wizi mbele yake bila kumtambua, alilificha jambo moyoni wala hakuwadhihirishia. Liko katika sura yake, aya ya 77. Mtu aliyekaa barazani pale asiyejua habari zao angeweza kusema waziri amekosa la kujibu. Bibi Maryam naye aliamrishwa afunge kusema, akaja kwa watu wake amebeba mtoto, wakamshambulia kwa maneno, naye akaashiria tu. Kwa kimya peke yake, nani angemtofautisha na mkosa?

Sasa sababu yangu ya pili.

Mwaka mmoja kabla ya somo lile zilipotea shilingi 18,000 za mchango wa majamvi. Zilikuwa ndani ya bahasha, kwenye mtoto wa meza chumbani kwetu walimu. Mtu wa mwisho kuonekana akitoka chumbani humo alikuwa mwanafunzi wetu mmoja niliyekuwa nimemtuma chaki. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamuuliza mara tatu. Hakujibu. Alitazama sakafu, akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanzu yake. Nilikuwa nimewauliza wengine wanne kabla yake, na kila mmoja alikuwa na maneno ya kujitetea, tena mengi. Yeye peke yake hakuwa nayo. Nikamwambia aende nyumbani, asirudi mpaka aje na mzazi. Wala sikumpiga, na kwa muda mrefu nilijisifia hilo.

Hakuja yeye wala mzazi. Siku ya tisa mwalimu mwenzangu akarudi kutoka msibani Magu. Ilikuwa ni yeye aliyeichukua bahasha na kumlipa muuzaji wa majamvi, akamwagiza mtu aniambie, na yule mtu akasahau. Risiti ilikuwa mfukoni mwake.

Jioni ile nilipanda kwao, kule juu kwenye mawe. Mama yake alinipokea vizuri mno, akanitolea kigoda na maji ya kunywa, na kila wema wake ulizidi kunilemea. Nikamweleza yote. Nilipomaliza nikamuuliza kwa nini mtoto hakusema kitu siku ile. Akasema, "Ustadh, yeye alituambia tu kwamba ulikuwa umeshaamua."

Tangu siku ile nimekisoma upya kisa cha Goso, na nimeona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Rudi juu ukakitazame. Kila aliyekamatwa alipigwa kwanza. Kuulizwa kulikuja baada ya fimbo. Tena hawakuulizwa hasa, waliambiwa kwamba ni wao. Kusi ndiye aliyeuliza kosa lake, wao hawakuwa na swali. Paa alikuwa wa kumi na moja kusimama mbele ya watu ambao siku nzima walikuwa wakipiga kabla ya kusikiliza. Sijui kama alinyamaza kwa hatia, kwa hofu, au kwa kuona kwamba maneno hayana kazi tena pale. Kisa hakisemi, na mimi siwezi tena kulijaza pengo hilo kwa wepesi niliokuwa nao zamani.

Yule kijana alirejea wiki iliyofuata. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile nililomsimamisha. Yupo hadi leo, anakaa karibu na dirisha, na hifdhi yake inakwenda vizuri alhamdulillah. Sijamuuliza tena habari za siku ile.

Liko pengo moja la mwisho katika kisa hiki ambalo sijasikia mtu akilizungumzia. Kisa kinaanza na darasa. Kuna mwalimu, kuna watoto, kuna masomo ya kesho ambayo Goso alikuwa akiyaandaa jioni ile buyu lilipomwangukia. Kisa kinakwisha na paa aliyeuawa. Masomo ya kesho yalikwenda wapi? Wale watoto walitumia siku nzima kupiga upepo, ukuta, maji na moto, na hakuna aliyeuliza mwalimu alikuwa amefika ukurasa gani. Paa ameshakufa, jua limetua, na chini ya mbuyu hakuna mtu.

Kazi ya nyumbani, kwa darasa la wakubwa na kwa yeyote anayependa: andika ukurasa mmoja juu ya asubuhi ya siku iliyofuata chini ya mbuyu wa Goso. Usiongeze mhusika mpya. Usimfufue mtu. Tumia waliobaki hai tu, pamoja na wale kumi waliopigwa, na kila utakalolisema uweze kunionyesha ndani ya kisa ni wapi umelipata. Anayetaka kueleza kwa nini paa alinyamaza anaruhusiwa, kwa sharti kwamba aandike pia sababu nyingine inayoweza kuwa kweli kinyume na ya kwake. Karatasi ziletwe kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wazazi nao wanaweza kuandika, na wasioandika wamsimulie mtoto wao aandike kwa niaba yao.

Wallahu aalam.